Reli nyepesi, mabasi ya mwendokasi au treni ya kawaida: kaunti ichague ipi?

Neno "nyepesi" huwapoteza wengi. Gari moja la reli nyepesi, refu kama mita 30 na lenye viungo katikati, lina uzito wa tani 40 hivi likiwa tupu, kabla hata abiria wake 200 hawajapanda. Jina hilo lilianza kutumiwa rasmi Marekani mwaka 1972, na wepesi unaotajwa ni wa mfumo mzima: vituo vifupi, kona kali, na treni inayoweza kushuka barabarani, ikapita ubavuni mwa magari na kusimama kwenye taa nyekundu kama basi. Treni ya masafa marefu haiwezi hayo. Hiyo inataka njia yake, uzio wake na vivuko vyake.

Nimeanza na jina kwa sababu mijadala mingi ya usafiri wa kaunti huanzia kwenye picha: treni safi, ya rangi ya kuvutia, inateleza katikati ya nyasi. Picha haisemi chini ya nyasi hizo kumezikwa nini, wala nani alilipa kukifukua. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya diwani, mjumbe wa kamati ya bajeti, au mkazi aliyealikwa kutoa maoni na hataki kupumbazwa na picha. Nikisema kaunti, nina maana ya eneo lenye makao makuu, miji midogo kadhaa, na mashamba katikati yake. Hapo ndipo ugumu ulipo. Jijini watu wamebanana. Katika kaunti wametawanyika.

Wanaoshindana

Wa kwanza ni reli nyepesi ya umeme. Wa pili ni mabasi yaendayo haraka, ambayo Dar es Salaam wameyabatiza mwendokasi: mabasi marefu yenye barabara yao wenyewe, vituo vyenye sakafu iliyo usawa mmoja na ya basi, na nauli inayolipwa kabla ya kupanda. Wa tatu ni treni ya kawaida ya abiria, inayopita kwenye reli iliyopo au iliyowahi kuwapo.

Wa nne hana mtu wa kumpigia debe. Ni basi lile lile la siku zote, ila linalopita kila dakika 10 tangu alfajiri hadi usiku, na lililopewa upendeleo kwenye taa na kwenye yale makutano mawili matatu yanayoziba kila asubuhi. Huyu nitamrudia.

| | Reli nyepesi | Mwendokasi | Treni ya kawaida |
|---|---|---|---|
| Abiria kwa safari moja | 200 hivi kwa gari, 400 magari mawili yakiungwa | 150 hivi kwa basi la mita 18 | mamia, hata zaidi ya 1,000 |
| Umbali kati ya vituo | mita 500 hadi kilomita 1 au zaidi | karibu sawa na reli nyepesi | kilomita kadhaa |
| Kupanda mlima | kwa kawaida hadi asilimia 6 au 7 | zaidi ya hapo | chini sana ya hapo |
| Umri wa chombo | miaka 30 hivi | miaka 12 hadi 15 | miaka 30 au zaidi |

Hesabu ya saa moja ya asubuhi

Chukua saa yenye watu wengi kuliko zote, upande mmoja tu, ule wa kuingia mjini. Treni ya magari mawili yenye watu 400 ikipita kila dakika 5, ni treni 12 kwa saa, sawa na abiria 4,800. Ukiwapakia watu hao hao kwenye mabasi marefu ya watu 150, yatahitajika mabasi 32, yaani moja karibu kila dakika mbili. Kwa mabasi ya kawaida ya watu 80 ni mabasi 60, moja kila dakika. Dereva wa treni ni mmoja kwa watu 400; dereva wa basi la kawaida ni mmoja kwa watu 80. Pale mishahara ilipo mikubwa, tofauti hiyo ndiyo inayoanza kuirudishia reli pesa zake, mwaka hadi mwaka.

Sasa igeuze hesabu. Kaunti yako ina abiria 600 kwa saa hiyo, si 4,800. Treni zile zile zikipita kila dakika 5, kila moja itakuwa na watu 50 ndani, na viti vingi vitakuwa vinasafiri bure. Ukitaka zijae, itabidi zipite kila baada ya dakika 40, na mtu mwenye njia nyingine hapangi asubuhi yake kwa chombo cha dakika 40. Mabasi 10 yenye watu 60 kila moja yangepita kila dakika 6. Kwa idadi hiyo basi linashinda, na linashinda kwa mbali.

Kuna wanaodai basi haliwezi kubeba umati. Si kweli. TransMilenio, mfumo wa mwendokasi wa Bogotá, Colombia, ulioanza Desemba 2000, umewahi kubeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, kiwango ambacho reli nyepesi nyingi hazikikaribii. Siri yake ni kwamba penye vituo basi lina nafasi ya kulipita jingine, kwa hiyo lililosimama halizibi lililo nyuma. Lakini nafasi hiyo inakula ardhi: barabara ya mabasi inakuwa pana kama barabara kuu. Reli hubeba wengi kwenye ukanda mwembamba zaidi, na katika mji wenye barabara moja kuu iliyobanwa na majengo pande zote, upana ndio unaoamua, si fedha.

Shanga kwenye uzi

Kabla ya kuuliza bei, tandaza ramani. Kuna kaunti ambazo miji yake imepangika kama shanga kwenye uzi: mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, yote kando ya barabara moja au bonde moja. Na kuna kaunti ambazo miji yake imemwagika kama punje za mahindi uani. Reli ni uzi. Punje hazitungiki.

Mauritius ni mfano mzuri wa shanga. Metro Express yao, ambayo sehemu yake ya kwanza ilizinduliwa Oktoba 2019, inaanzia Port Louis na kupanda kupitia Rose Hill, Quatre Bornes na Vacoas hadi Curepipe, kilomita 26 hivi. Si jiji moja hilo, ni miji kadhaa iliyofuatana, na ilifuatana kwa sababu: zamani ilikuwa na reli. Treni za abiria za kisiwa hicho zilikoma mwaka 1956, lakini sehemu kubwa ya njia mpya imepita palepale ilipopita ya zamani. Watu walikuwa tayari wamejenga kando yake.

Upande wa punje tazama Kaunti ya Santa Clara, California, penye Silicon Valley, eneo la kampuni za teknolojia. Reli yake nyepesi ilianza 1987 na leo ina kilomita karibu 68. Hela zilikuwapo, na kazi pia, maelfu kwa maelfu. Lakini ofisi zimejengwa ghorofa mbili mbili, kila moja nyuma ya uwanja mpana wa kuegesha magari bila malipo, na nyumba zimetandaa maili kwa maili. Abiria akishuka kituoni bado ana mwendo mrefu wa miguu kwenye lami ya jua. Katikati ya mji wa San Jose treni hutambaa. Matokeo yake ni kwamba reli hiyo imetajwa miaka na miaka miongoni mwa zile zenye abiria wachache zaidi kwa urefu wake nchini Marekani. Wahandisi wake hawakukosea reli. Iliwekwa mahali ambapo watu wasingeweza kuifikia kwa miguu.

Ndiyo maana ningeomba takwimu moja kabla ya nyingine zote: ni watu wangapi wanalala, na wangapi wanafanya kazi au kusoma, ndani ya mwendo wa miguu wa dakika 10 kutoka kila kituo kilichopendekezwa. Usikubali idadi ya watu wa kaunti nzima. Hiyo haipandi treni.

Umbali nao una ujanja wake. Kila kituo hugharimu karibu dakika moja ukijumlisha kupunguza mwendo, kufungua milango na kuondoka tena. Njia ya kilomita 20 yenye kituo kila mita 500 ina vituo 40. Yenye kituo kila kilomita ina 20. Tofauti ni dakika 20 za maisha ya mtu, asubuhi na tena jioni. Kila mwakilishi wa wadi atataka kituo kwake, na akipewa kila mmoja, treni inayoweza kukimbia kilomita 80 kwa saa itaishia kushindana na baiskeli.

Bei ya kujenga, na ile nyingine

Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi Septemba 2015, kwa dola milioni 475 za Marekani, asilimia 85 zikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Hiyo ni kama dola milioni 15 kwa kilomita. Edinburgh ilifungua tramu yake, yaani reli nyepesi inayopita barabarani, Mei 2014: kilomita 14, pauni milioni 776, yaani pauni zaidi ya milioni 55 kwa kilomita, na ilifika miaka kadhaa baada ya tarehe iliyoahidiwa. Chombo ni kilekile, bei haifanani hata kidogo. Mshauri atakayekuletea "bei ya kawaida ya reli nyepesi kwa kilomita" mwulize ni kilomita ya wapi.

Sehemu kubwa ya maumivu ya Edinburgh ilikuwa chini ya lami. Mabomba ya maji, ya gesi na ya maji taka, nyaya za simu na za umeme, vyote hulazimika kuhamishwa ili siku bomba likipasuka mafundi wasilazimike kung'oa reli. Katika mji mkongwe hakuna anayejua kwa uhakika nini kimelala wapi. Ukaongezeka ugomvi kati ya mteja na mkandarasi juu ya nani abebe gharama ya kila jambo lisilotarajiwa. Uchunguzi wa umma ulitoa ripoti yake 2023, miaka tisa baada ya treni kuanza kutembea. Barabara ya mabasi haihitaji uchimbaji huo wote: bomba likipasuka, basi huzunguka mtaa wa pili.

Bei nyingine, isiyokatiwa utepe, ni ya kuendesha. Addis walinunua treni 41. Ndani ya miaka michache zilizokuwa zikitembea zilipungua hadi chini ya nusu, sababu kubwa ikiwa vipuri. Nauli inalipwa kwa birr, fedha ya Ethiopia, tena birr chache sana. Vipuri vinauzwa kwa fedha za kigeni. Kila mwaka pengo hilo lilikuwa linatafuna treni. Kaunti yoyote inayonunua chombo kwa sarafu isiyoichapisha yenyewe isome mfano huo mara mbili. Basi nalo lina vipuri, lakini basi bovu halifungi njia, na karakana inayoweza kulitengeneza haikosekani mjini. Treni ya aina fulani mara nyingi inategemea kiwanda kimoja, kilicho mbali.

Hapa niseme neno juu ya machotara. Ufaransa, miji ya Nancy na Caen ilijaribu njia ya kati: chombo chenye matairi ya mpira kama basi, kinachoongozwa na reli moja katikati ya barabara. Kwenye karatasi kilikuwa nafuu kuliko tramu. Nancy ilianza 2000 na magari yakaacha reli mapema tu. Caen ilianza 2002. Mtengenezaji alipoacha kuyaunda, wateja walibaki na yatima. Caen ilifunga mwisho wa 2017 na kujenga tramu halisi ya reli mbili. Nancy ilifunga 2023 na kuhamia mabasi ya umeme wa nyaya. Miji yote miwili imelipa mara mbili. Ukiambiwa kuna teknolojia mpya yenye faida za reli kwa bei ya basi, uliza ni miji mingapi inayo, na wauzaji ni wangapi.

Njia isiyoibwa

Mwendokasi ukinyang'anywa barabara yake unabaki kuwa basi tu, refu zaidi na gumu zaidi kukata kona. Delhi ilifungua njia ya mabasi 2008. Wenye magari walilalamika, suala likafika mahakamani, na 2016 serikali ya jiji ikaanza kuibomoa. Rangi kwenye lami hufutika. Reli haifutiki kirahisi hivyo, na mwenye ardhi anayefikiria kujenga nyumba za kupangisha analijua hilo. Uimara huo ndio hoja ya reli ninayoiheshimu kuliko zote, ingawa una makali pande mbili: reli iliyowekwa mahali pasipofaa nayo haihamishiki.

Dar es Salaam ilianza mwendokasi wake Mei 2016, kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo. Njia yenyewe ilitengwa vizuri, na mtu wa Kimara alihisi tofauti siku ya kwanza. Kilichowasumbua ni uchache wa mabasi kulinganisha na umati, na karakana ya Jangwani iliyojengwa kwenye bonde la Msimbazi, ambako mvua kubwa iliponyesha maji yaliingia na huduma ikakatika. Kasoro hizo hazikutoka kwenye chombo, na reli iliyojengwa bondeni ingelowa vilevile.

Ottawa, Canada, ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ilipita njia zote mbili kwa zamu. Ilijenga barabara za mabasi pekee kuanzia 1983. Zilifanya kazi vizuri mno, kiasi kwamba mabasi yalianza kupangana foleni kwenye mitaa ya Albert na Slater katikati ya mji. Basi likawa limefika mwisho wa uwezo wake pale, na Septemba 2019 reli nyepesi ya kilomita 12.5 ikachukua nafasi, sehemu kubwa ikikanyaga palepale mabasi yalipopita. Haikuwa sherehe tupu: treni ziliacha reli mara mbili mwaka 2021, Agosti na Septemba, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Hata hivyo ule mpangilio, wa basi kutengeneza abiria kwanza na reli kuwapokea baadaye, nadhani ndio unaofaa kaunti nyingi kuliko kuruka moja kwa moja.

Kama kuna reli iliyolala

Hili hubadilisha kila kitu. San Diego ilianza tramu yake Julai 1981 ikitumia reli ya mizigo iliyokuwapo hadi mpakani mwa Mexico: abiria mchana, mizigo usiku. Haikuomba fedha za serikali kuu ya Marekani kwa kipande hicho cha kwanza. Manchester, mwaka 1992, ilichukua reli mbili za zamani, ya Bury na ya Altrincham, ikaziunganisha kwa kipande kifupi kinachopita barabarani mjini. New Jersey, 2004, iliweka magari mepesi ya dizeli kati ya Camden na Trenton, kilomita 55 hivi, kupitia miji midogo ya kando ya mto Delaware, tena kwa kugawana saa na mizigo. Hakuna nyaya za umeme juu. Kwa kaunti ndefu yenye watu wachache, dizeli au betri huokoa fedha ambazo zingeishia kwenye nguzo.

Karlsruhe, Ujerumani, walikwenda mbali zaidi. Stesheni kuu iko nje kidogo ya kitovu cha mji, na mtu wa Bretten, mji mdogo wa jirani, alilazimika kushuka treni na kupanda tramu kila siku. Mwaka 1992 walileta gari linalotumia umeme wa aina mbili, wa tramu na wa reli kuu, likatoka Bretten kwenye reli kuu likaingia hadi madukani bila mtu kushuka. Abiria waliongezeka mara kadhaa. Kwa kaunti yenye reli hai ya taifa, hili ndilo wazo la kwanza la kuuliza, ingawa linahitaji shirika la reli kukubali kukaa mezani, na kuna pahala hilo ni gumu kuliko ujenzi wenyewe.

Reli iliyolala haikulazimishi treni, lakini. Los Angeles ilikuwa na mkondo wa reli ya zamani katika Bonde la San Fernando, ila sheria ya 1991 ilikataza kujenga reli ya juu ya ardhi hapo, wakazi wakihofia kelele. Ikawekwa njia ya mabasi, ikafunguliwa 2005, na sheria ile ikafutwa 2014 watu walipoona chombo kinajaa.

Mengine, kwa ufupi

Starehe: reli inateleza, basi linatikisika, mzee anayesimama hilo analijua. Viti vya magurudumu huingia kirahisi katika vyote viwili kama kituo kimejengwa vizuri. Moshi ulikuwa hoja kubwa ya reli hadi mabasi ya umeme yalipoenea. Sasa hoja hiyo imepungua nguvu. Umeme ukikatika, treni inasimama na watu ndani.

Mimi ningechaguaje

Kama saa ya asubuhi haifikishi abiria 1,500 hivi upande mmoja, ningempa nafasi yule wa nne asiyepigiwa debe: mabasi ya kila dakika 10, taa zinazoyatambua, na kilomita mbili za njia iliyotengwa pale tu panapoziba. Hesabu hiyo ni kadirio langu, si sheria. Kati ya hapo na 4,000, mwendokasi kamili, wenye madaraja na kona zilizopimwa tangu mwanzo ili siku moja zibebe reli. Kupita hapo, kwenye kaunti ya shanga, reli nyepesi ina haki ya kudai fedha. Palipo na reli iliyolala, ngazi hizo zote zishushe.

Ila kuna kitu kimoja ningekinunua mwaka huu huu, kabla ya mshauri, kabla hata ya kujua kama ni basi au treni: ekari kadhaa za karakana, kwenye mwinuko, karibu na mwisho wa njia. Vyote vinne vitalala hapo usiku, na mara mradi utakapotangazwa, bei ya ardhi hiyo haitakuwa ya leo.